Kichwa Kilichosema Hapana

Kwetu Plovdiv mtu akikataa
hukiinamisha kichwa, juu kisha chini;
akikubali hukitikisa, huku na huku.
Joost wa Rotterdam hakuyajua hayo.
Aliniuliza kwenye skrini, sauti ikikatikakatika:
"Shahada ya kompyuta unayo, bila shaka?"
Nikainamisha kichwa mara mbili,
kwa heshima, kwa aibu,
nikisema hapana.
Naye akatia alama kwenye kisanduku: ndiyo.

Miaka sita nimeishi ndani ya kisanduku kile.

Kabla yake nilikuwa jikoni, hospitali ya wilaya,
sufuria za lita themanini,
wagonjwa mia tatu na kumi na wawili:
huyu bila chumvi, yule bila sukari,
wa kitanda cha arobaini asionje maziwa.
Bai Stamen aliwaandika kwa penseli
mgongoni mwa mifuko ya unga,
hadi asubuhi jemu ya pichi ilipomfikia bibi Zlatka,
ambaye sukari kwake ilikuwa sumu.
Hakufa. Ila niliiona mikono yake,
na usiku ule nikaiwasha kompyuta ya mhasibu
nikajifunza kuiambia: kama.
Kama ni huyu, basi kile.
La sivyo, uji.
Kulipokucha mashine ikatema orodha,
nikaishika karatasi ingali na joto
kama mtu aliyeopoa mkate wake wa kwanza.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, husemwa.
Mimi nilifunzwa na makosa
yenye namba ya mstari.

Sasa nina kiti kinachozunguka.
Nina vitabu vya mitumba nilivyovificha
kwenye kapu, chini ya vitunguu,
visije vikaonwa na anayedhani nilishavisoma.
Barua ya ofisi ya waajiriwa ikiingia
tumbo hunishuka kama lifti.
Na juzi Kalin, kijana aliyehitimu Sofia,
aliisoma kazi yangu akapiga mluzi:
"Mbinu hii ina jina, Tsvetana!
Tulifundishwa muhula wa tatu."
Akalitaja, jina la marehemu fulani, refu, la kigeni.
Nikatabasamu. Moyoni nikawaza:
kumbe nimezaa, nimenyonyesha, nimelea,
na jina la mwanangu liko kwa jirani.

Kisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba.
Saa tisa usiku, simu: maghala yote ya dawa
yameagiza kila kitu mara mbili.
Wenye shahada wanne wakabishana,
mmoja akailaumu seva, mwingine mtandao,
Kalin akachora mishale hadi ubao ukajaa.
Mimi nilikuwa nikizikumbuka zamu za jikoni,
usiku ule mmoja wa mwaka
saa zinaporudishwa nyuma,
saa tisa ikaja, ikaenda, ikaja tena,
nasi tukakoroga supu ile ile kwa saa nzima
ambayo hakuna aliyetulipa.
"Saa tisa imepita mara mbili," nikasema.
"Nayo mashine imetii mara mbili."
Kimya.
Mistari minne nikaiandika. Nikachemsha kahawa.

Asubuhi Joost alipiga kushukuru,
nami, kwa uchovu au kwa kitu kingine nisichokijua jina,
nikamwambia habari za kichwa changu.
Juu, chini. Hapana.
Hakucheka. Hakukasirika.
Nilimwona akirudi nyuma, mwaka kwa mwaka,
akiyakagua majibu yangu yote.

"Basi ile siku," akasema polepole,
"mwaka juzi, mradi wa Antwerpen,
nilipokuuliza kama umechoka,
ukatikisa kichwa..."

Nilikuwa nimechoka, Joost.
Nilikuwa nimechoka sana.